Dishi kwenye roshani: jinsi ya kulifunga Marekani bila kugombana na mwenye nyumba

Barua yenyewe huwa fupi. Unaikuta imebandikwa mlangoni kwa selotepu, ina nembo ya kampuni inayosimamia apatimenti, nayo inasema dishi lako liwe limeondolewa ndani ya siku chache, la sivyo utapigwa faini. Wengi wetu tukishaisoma tunampigia fundi simu aje alitoe jioni ile ile. Nyumbani dishi ni jambo lako wewe, fundi, na mwembe wa jirani unaoziba mawimbi. Huku kuna mwenye nyumba, kuna umoja wa wamiliki wa mtaa unaoitwa HOA, kuna manispaa, na kila mmoja ana masharti yake kwenye karatasi.

Juu ya karatasi zote hizo iko kanuni moja ya serikali ya shirikisho. Inaitwa OTARD, na namba yake ni 47 C.F.R. 1.4000. Iandike mahali, utaihitaji. Bunge la Marekani liliagiza itungwe katika kifungu cha 207 cha Sheria ya Mawasiliano ya 1996, na FCC, yaani tume ya shirikisho inayosimamia mawasiliano, ikaifanya ianze kazi tarehe 14 Oktoba mwaka huo huo. Mwanzoni ilimlinda anayemiliki nyumba tu. Tangu 22 Januari 1999 inamlinda na mpangaji, na tangu 2001 haiishii kwenye televisheni. Inagusa pia antena za intaneti isiyotumia waya, ndiyo maana hata dishi la Starlink, lile la intaneti ya setilaiti, limo.

Inavyosema ni hivi: manispaa, HOA au mwenye nyumba hawezi kuweka sharti linalokuchelewesha bila sababu ya maana, linalokuongezea gharama kupita kiasi, au linalokuzuia kupata mawimbi ya ubora unaokubalika. Sasa, ukimsikia mtu anakwambia "sheria inaruhusu dishi popote", huyo kasoma nusu ya ukurasa. Kinga hii ina mipaka, na ninaowaona wakishindwa wengi wao waliivuka siku ile fundi alipokuja, kabla hata barua haijaandikwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya kufanya kabla ya kutoboa chochote.

Hatua ya 1: Pima dishi

Dishi linalolindwa ni la kipenyo cha mita moja au pungufu. Madishi ya nyumbani ya DirecTV na DISH, kampuni za televisheni ya setilaiti za huku, yamo ndani ya kipimo hicho, na la kawaida la Starlink lina sentimita 59 kwa 38 hivi. Antena ya kunasa stesheni za televisheni za hapo mjini nayo inalindwa. Alaska peke yake dishi linaruhusiwa la ukubwa wowote.

Zile nyungo kubwa za mita mbili na zaidi, ambazo baadhi ya ndugu zetu wanazipenda kwa ajili ya chaneli za bure, hazimo. Ukiwa nayo, mwenye nyumba akikwambia hapana, OTARD haina la kukusaidia. Antena za redio za kawaida na za wale wanaopiga redio za mawasiliano kwa burudani hazimo pia.

Hatua ya 2: Jua pako ni wapi

Hapa ndipo pa kukaa na kufikiri. OTARD inakulinda mahali ambapo una matumizi yako peke yako, au unapamiliki mwenyewe. Kwa mpangaji wa apatimenti hapo ni roshani yako, yaani balkoni, au kibaraza cha chini chenye uzio wake, au bustani ndogo ambayo mkataba unasema ni yako. Kwa anayemiliki nyumba yake chini ya HOA ni paa lake na uwanja wake.

Mahali pa pamoja hapamo. Paa la jengo la ghorofa si lako. Ukuta wa nje si wako, hata kama upande wa pili wake kimeegemezwa kitanda cha mtoto wako. Korido, ngazi, eneo la magari, majani yanayokatwa na kampuni, vyote hivyo ni vya wote, na mwenye nyumba ana haki ya kukataa. Tena hakuna lazima ya yeye kukupa sehemu nyingine kwa sababu tu roshani yako haipati mawimbi. Hili linawaumiza watu wengi na wanaliona ni dhuluma, lakini kanuni iko wazi.

Kwenye kondo, yaani apatimenti uliyoinunua ndani ya jengo la wamiliki wengi, mambo yanachanganya kidogo. Roshani ya kondo mara nyingi kwenye karatasi ni mali ya pamoja, ila wewe peke yako ndiye unayeitumia. Hiyo inatosha: kinachoangaliwa ni nani ana matumizi ya pekee, hata kama umiliki ni wa wote. Kwa zile nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, usidhani paa ni lako kwa kuwa liko juu ya kichwa chako. Soma hati za umoja ujue paa limeandikwa chini ya nani.

Halafu kuna suala la ukingo. Dishi likisimama ndani ya roshani, uko salama. Likining'inia nje ya vyuma vya roshani, hata kwa sentimita chache, limeingia kwenye hewa ambayo si yako, na kinga inaweza kukutoka hapo hapo. Mafundi wanapenda sana kulibana kwenye chuma cha ukingo kwa upande wa nje kwa sababu mawimbi yanapatikana kirahisi na kazi inaisha haraka. Mwambie alibane kwa ndani, au alisimamishe chini. Akikataa, mwache aende, atakuja mwingine.

Hatua ya 3, ambayo mafundi huiruka: angalia anga

Mtu aliyezoea madishi ya Dar es Salaam akija huku anapotea kidogo. Setilaiti ya DStv iliyo nyuzi 36 mashariki, kwa mtu wa Dar, iko karibu na utosi. Dishi linatazama juu kabisa, nalo unaweza kuliweka nyuma ya ukuta wa uani na likafanya kazi vizuri tu. Marekani tuko mbali na ikweta, na setilaiti za televisheni ziko juu ya ikweta, kwa hiyo dishi linainama kutazama kusini. Ukiwa Columbus, Ohio, setilaiti ya DirecTV iliyo nyuzi 101 magharibi iko kusini ikielekea magharibi, nyuzi kama 40 tu juu ya upeo. Setilaiti ya DISH ya nyuzi 119 iko kusini-magharibi na chini zaidi. Mti wa jirani, jengo la mbele, hata dari ya roshani ya ghorofa ya juu yako vinaweza kuziba.

Toa simu, fungua dira, simama katikati ya roshani. Kama inatazama kaskazini tupu, televisheni ya setilaiti hutaipata hapo, na hakuna kifungu cha sheria kitakachoisogeza setilaiti. Usisaini mkataba wa miaka miwili na kampuni ya televisheni kabla ya kuliona hilo kwa macho yako.

Starlink ni habari nyingine. Setilaiti zake zinazunguka chini na zinapita kila upande, na hapa Marekani dishi lake kwa kawaida huinamishwa kuelekea kaskazini. Kwa hiyo roshani iliyokuwa haifai kwa DirecTV huenda ikaifaa Starlink. Ila inataka anga pana, na roshani yenye dari na kuta za pembeni huibana sana. Programu ya Starlink ina kipimo cha vizuizi: unaizungusha kamera ya simu angani inakuonyesha panapozibwa. Tumia hiyo kabla ya kununua.

Hatua ya 4: Soma mkataba ukijua lipi halali na lipi si halali

Karibu kila mkataba wa pango una kipengele cha dishi. Usikikimbilie kukisaini wala kukidharau. Kuna vitu vinavyoruhusiwa.

Usalama unaruhusiwa. Wanaweza kukukataza kuweka dishi kwenye ngazi ya kukimbilia moto au karibu na nyaya za umeme. Wanaweza kudai kibali kwa mlingoti unaozidi futi 12 juu ya paa, ambazo ni mita tatu na nusu na ushee. Lakini sharti la usalama lazima liwe na sababu inayoelezeka, lisizidi linalohitajika, na liwaguse wote wenye vitu vya aina hiyo. Kama jirani ana bendera kubwa kwenye nguzo pale pale ambapo wewe unaambiwa dishi ni hatari, uliza.

Majengo ya kihistoria yanaruhusiwa kuwekewa masharti, yale yaliyo kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria au yanayostahili kuwamo. Jengo kuwa la zamani na la kupendeza hakulifanyi liwe la kihistoria kwa maana hiyo.

Uharibifu unaruhusiwa kukatazwa, na hili lisikupite. Mwenye nyumba anaweza kukataza kutoboa ukuta wa nje, dirisha, au vigae vya paa. Mkataba ukisema "usitoboe", maana yake usitoboe.

Wanaweza pia kusema dishi likae nyuma badala ya mbele, au lipakwe rangi ya ukuta, mradi mawimbi yanapatikana vile vile na gharama haipandi kwa kiasi kisicho cha haki. Hapo ndipo palipo na mvutano mwingi. Philadelphia mwaka 2011 na Chicago mwaka 2012 zilipitisha sheria ndogo dhidi ya madishi kwenye uso wa nyumba unaotazama barabara, na chama cha kampuni za setilaiti kikapeleka malalamiko FCC. Ukiishi kwenye mji wenye sheria ya namna hiyo, mwombe fundi apime kwanza upande wa nyuma, na kama hapapati kitu aandike hivyo kwenye karatasi ya kazi, na tarehe. Karatasi hiyo itakufaa kuliko maneno.

Kisichoruhusiwa ni kukutaka uombe ruhusa kwanza, isipokuwa kwa sababu ya usalama au historia. "Subiri kamati ya HOA ikutane mwezi ujao" ni kucheleweshwa. Ada ya kibali nayo haina msingi kama kibali chenyewe hakina msingi. Kukutaka utoe taarifa tu, bila kusubiri jibu, kunaweza kukubalika. Na binafsi naona ni busara kutoa taarifa hata usipodaiwa: watu wa ofisini hawapendi kushtukizwa, na barua pepe ya mistari miwili huzuia mengi.

Kitu kimoja zaidi. Jengo likiwa na dishi la pamoja, wanaweza kukukataza la kwako, lakini ikiwa tu hilo la pamoja linakupa huduma ile ile unayoitaka, kwa ubora ule ule, kwa gharama isiyozidi ya kufunga lako, na bila kukuchelewesha. Kama dishi lao halileti kifurushi unachokitaka, hoja yao imekwisha.

Hatua ya 5: Funga bila kuacha alama

Njia ninayoipendekeza kwa mpangaji ni miguu mitatu ya chuma iliyokaa sakafuni pa roshani na kukandamizwa kwa matofali ya zege. Weka mkeka wa mpira chini, sakafu isikwaruzike. Kuna wanaosimamisha bomba ndani ya ndoo ya plastiki na kumimina zege: ni rahisi, haitikisiki, na siku ya kuhama unainyanyua na kuondoka nayo, ukiwa na mtu wa kukusaidia. Ghorofa za juu upepo si wa mchezo. Dishi likianguka likampiga mtu au gari, hapo huzungumzii tena OTARD.

Waya ndio unaowatia watu kwenye matatizo kuliko dishi. Fundi anataka kutoboa tundu moja tu, dogo, "hawataliona". Wataliona. Kuna waya bapa mwembamba kama utepe, unaopita chini ya mlango wa kioo wa kuteleza au ukingoni mwa dirisha, na mlango unafungika. Mwulize fundi kama anao kabla hajatoka ofisini kwao, kwa kuwa wengi hawautembezi. Waya wa Starlink ni mnene zaidi, pima nafasi ya mlango mapema.

Kanuni za umeme za Marekani zinadai dishi la nje na waya wake viunganishwe na waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini. Usimruhusu fundi aruke hilo. Mbali na radi, ndiyo sababu halali kabisa ambayo mwenye nyumba anaweza kuishika.

Kazi ikiisha piga picha. Moja ya karibu ikionyesha miguu imesimama ndani ya ukingo, moja ya mbali kutoka chini, moja ya mahali waya unapoingilia, moja ya ukuta usio na tundu. Jitumie kwa barua pepe ili zibaki na tarehe.

Hatua ya 6: Barua imekuja

Usilitoe dishi, wala usikae kimya. Jibu kwa maandishi, kwa Kiingereza, hata kama meneja ni mtu mnayecheka naye. Maneno ya kwenye simu hayabaki. Barua yako iseme mambo haya na isizidi ukurasa: kwamba dishi lina kipenyo chini ya mita moja, kwamba limesimama ndani ya roshani ambayo ni ya matumizi yako peke yako chini ya mkataba, kwamba hakuna palipotobolewa na dishi halivuki ukingo, kwamba kufungwa kwake kunalindwa na kanuni ya FCC 47 C.F.R. 1.4000, na kwamba kama wana sababu ya usalama au ya kihistoria, unaomba waiandike. Ambatanisha picha. Usiweke matusi wala vitisho vya kwenda mahakamani, hata kama barua yao ilikuwa na ukali.

Hilo ombi la kuandikiwa sababu lina uzito. Chini ya OTARD mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayezuia. Si wewe wa kueleza kwa nini unahitaji dishi.

Nimeona barua za namna hii zikimaliza mambo bila kelele. Mara nyingi meneja hakuwa na nia mbaya: alipewa fomu na ofisi kuu, na fomu ile iliandikwa bila kuitazama kanuni. Akiona namba ya kifungu anaituma kwa wakili wao, na wakili anamwambia aachane nayo.

Kama kweli dishi limevuka ukingo au liko ukutani, lirudishe ndani kwanza, upige picha upya, ndipo ujibu.

Hatua ya 7: Wakikataa kuelewa

Una njia mbili, FCC au mahakama. Kwa FCC unapeleka ombi la kutaka tume itamke kama sharti hilo ni halali au la. Hakuna fomu maalumu. Ni maelezo ya kilichotokea, nakala ya sharti lenyewe, barua mlizoandikiana, na uthibitisho kwamba nakala umempelekea unayemlalamikia. FCC ikishaitangaza, upande wa pili una siku 30 za kujibu, kisha siku 15 za majibu ya mwisho. Kabla ya kufika huko unaweza kuwapigia, 1-888-225-5322, uulize tu. Mwombe mwanao akae karibu kama Kiingereza cha simu kinakusumbua.

Wakati shauri likiendelea, wanatakiwa kusimamisha utekelezaji wa sharti hilo, isipokuwa lile la usalama au la kihistoria. Faini haziendelei kuongezeka, na hawawezi kukudai gharama za wakili. Hata ukishindwa, unapewa siku zisizopungua 21 za kutii kabla ya faini, isipokuwa ionekane madai yako yalikuwa ya upuuzi.

Jambo moja tu nikutahadharishe. Ukiona kwenye barua neno la kukuondoa kwenye nyumba, hiyo si kazi ya FCC tena. Kesi za kufukuzwa ziko kwenye mahakama za jimbo na tarehe zake ni fupi. Tafuta ofisi ya msaada wa kisheria ya eneo lako siku hiyo hiyo, na upeleke barua zote, ile ya dishi na hiyo ya kuhama. Usiache kulipa kodi kwa hasira ya dishi.

Hatua ya 8: Unapohama

Toa dishi, toa miguu, toa waya, futa sakafu. Dishi lililoachwa ni sababu rahisi ya kukata dipoziti yako. Piga tena picha zile zile ulizopiga siku ya kufunga. Kwa DirecTV na DISH, waulize ni vifaa gani wanataka virudishwe, maana king'amuzi hudaiwa mara nyingi kuliko dishi lenyewe. Starlink badilisha anwani ya huduma kwenye akaunti mapema.

Na unapotembelea apatimenti mpya, omba uonyeshwe roshani ile ile utakayopewa. Nyumba ya maonyesho huenda inatazama kusini, na yako iko upande wa pili wa korido.